Wimbo Mumoja, Sauti Mbili

Masisi, tarehe 11 Aprili 2021

Mudogo wangu Archange,

Nakusalimia wewe na muke wako Solange na watoto wote wa nyumba yenu. Sisi huku tungali tunapumua, Mungu njo anajua sababu. Goti langu la kushoto linauma kila mvua ikinyesha, na unajua Masisi, mvua haina likizo. Maharagi ya kilima cha juu yalitoka vizuri, ya bondeni maji yakabeba. Binti yangu Myriam amejifungua mutoto mwanamuke, mweusi kama Mama yetu, na analia kwa nguvu kama anadai kitu.

Kaka yako Benoît angali kwangu tangu alipokimbia Bihambwe mwaka jana. Nilimupa kile chumba cha nyuma ya duka. Anatengeneza viti vya majirani, anachagua maharagi, hasemi mingi. Ametimiza miaka makumi sita na moja na nywele zimekuwa nyeupe zote. Ungemupita barabarani bila kumutambua.

Naandika badala ya kupiga simu sababu kwenu rezo ya simu inapatikana juu ya kilima tu, na mambo ya hivi hayasemwi na muntu anayesimama juu ya kilima. Samy mwenye pikipiki ataleta barua hii. Umupe chakula, njia ni mbaya.

Sasa sikia. Radio ya hapa iko na binti anayeitwa Kétsia. Kila siku ya posho, Jumamosi, saa tisa, anapiga nyimbo za zamani za kwetu. Muntu mumoja alimupatia kaseti iliyorekodiwa kwenye ndoa huko Bihambwe, mwaka wa 1989. Nilikuwa ninapima chumvi. Nikasikia gitari, kisha sauti ya Benoît: *Ukungu wa Bihambwe, ukitaka ng'ombe chukua, nirudishie mutoto.* Archange, mukono wangu ulisimama hewani. Ni ile sauti yake yenyewe, ile ya mawe, sawa vile alikuwa akiimba mbele ya duka la Papa.

Wimbo uliisha, watu wakaanza kupiga simu. Wa kwanza alikuwa Constance wa korali. Akasema: "Kétsia mutoto wangu, leo umetuletea muntu anayetafuna changarawe?" Akafuata Umurerwa, yule mama muuza maziwa: "Mimi niliacha kukamua nikaketi chini. Muntu anayeimba hivi aliitaka kweli ile kitu anayoomba." Mwalimu mumoja akasema sauti hiyo inafaa kutangaza vifo. Muzee wa Nyabiondo akaomba irudiliwe mara tatu. Mupaka leo, kwenye soko, wanawake wa nyanya na wanawake wa fromaji, ile jibini ya kwetu, hawapatani juu ya sauti ya Benoît.

Yote hayo yangenichekesha. Lakini muntu wa Sake alipiga simu akasema: "Huyu ni mwizi. Wimbo huu ni wa Archange. Nilinunua kaseti Goma mwaka wa 1991, picha yake iko juu, jina lake iko juu. Sauti tamu kama asali. Huyu mwenye mawe kooni alimuiga tu."

Benoît alikuwa uani, sufuria ya maharagi kati ya miguu yake. Alisikia kila neno. Nikatoka kumuangalia. Aliendelea kuchagua.

Mudogo wangu, mimi sikuuliza kitu kwa miaka makumi tatu. Leo nakuomba kidogo tu: uandike mistari miwili kwa Kétsia, useme nani alitunga wimbo ule. Basi.

Dada yako mwenye goti moja,
Kaswera

*

Walikale, tarehe 2 Juni 2021

Dada Kaswera mpendwa,

Barua yako ilifika ikiwa na matope mpaka ndani ya bahasha. Samy alizuiwa na mto siku tisa, kwa sababu maji yalibeba mbao za daraja. Nilimpa ugali na samaki, alikula kama watu wawili.

Hongera kwa Myriam na mtoto. Solange anakusalimia, anauliza kama ulipokea vile vitambaa vya Pasaka. Mtoto wetu wa mwisho, Guylain, amepita darasa, sasa anasema anataka kuwa daktari wa wanyama, na huku msituni hatuna ng'ombe hata mmoja! Duka linaenda: chumvi, sabuni, betri za tochi. Wawindaji wa hapa wanakuja asubuhi wananunua betri, wanabishana nami juu ya Mungu, wanaenda. Nimewazoea. Msitu huu ukikaa nao sana unakufundisha kunyamaza.

Ninakutumia bidoni ya mawese na uyoga mkavu. Mpe Benoît sehemu yake.

Kuhusu ile radio, dada, naona tuache. Ni mambo ya ujana. Watu wa soko wakikosa neno la kubishania watapata lingine wiki ijayo. Yule binti ana nyimbo nyingi, apige nyingine. Na kusema ukweli, hata Papa alikuwa akisema kwamba sauti ya Benoît haikuwa sauti ya radio. Kwa nini tumwanike mzee wa watu ili achekwe?

Jifunge kitambaa cha moto kwenye goti. Majani ya mparachichi yanasaidia.

Ndugu yako,
Archange

*

Masisi, tarehe 4 Julai 2021

Archange,

Salamu kwa wote wa kwako. Mawese yalifika, aksanti. Uyoga tulikula na sombe. Mutoto wa Myriam tumemubatiza, anaitwa Céline.

Nilikuomba mistari miwili. Ukaniletea majani ya goti.

Nilimusomea Benoît barua yako, ila pale pa sauti nikaruka. Akaniuliza: "Na kabla ya goti aliandika nini?" Huyu muntu anasikia hata kitu ambacho hakikusomwa. Nikasoma. Akasema: "Hasemi uongo. Papa alisema vile." Akachukua nyundo yake akaenda. Kétsia alikuja mara mbili kumuita kwenye radio, mara mbili alikataa. "Watu wamezoea ile ya Archange," alimuambia. "Wimbo ukiisha kuolewa, huendi kuugongea mulango."

Basi nitakuambia kitu ambacho Mama alitukataza kukuambia. Ameisha kufa, nitajibu mbele yake siku nikifika.

Unajua ulipotea mutoto, ukiwa na miaka mitano. Hilo wote tulikuambia. Ulifuata ndama, ukungu ukashuka, kule Bihambwe ukungu ukishuka huoni mukono wako. Tulikuambia kwamba Papa alikuokota. Si Papa. Papa alikuwa Butembo kutafuta bidhaa. Ni Benoît. Alikuwa na miaka kumi na tano, na siku ile alikuwa na homa ya koo, Mama alikuwa amemufunga kitambaa shingoni. Alitoka na homa yake. Alikuita tangu asubuhi mupaka jua la magaribi, kilima kwa kilima, jina lako tu. Sisi wengine tulikuwa tunaita kisha tunapumuzika. Yeye hakupumuzika. Alikukuta chini ya mawe karibu na muto, umelala na ndama. Alitaka kutuita, sauti haikutoka. Alikubeba mupaka nyumbani na damu mudomoni.

Wiki tatu hakusema neno. Na sauti iliporudi, ilirudi vile. Kabla ya hapo, Archange, njo alikuwa anaimba Zaburi kanisani. Padri alikuwa anamuita kinubi.

Mama alisema: mutoto asijue, atakua na deni moyoni. Basi ukakua bila kujua. Na Benoît akatunga wimbo.

Sikuandika haya ili kukuumiza. Ao pengine ndiyo. Nimechoka.

Kaswera

*

Masisi, tarehe 19 Septemba 2021

Mudogo wangu,

Ni wiki kumi na moja. Samy anasema alikupa barua mukononi, ukaisoma ukisimama, ukamurudishia salamu za mudomo tu. Wengine wanasema njia ya Walikale imefungwa, wengine wanasema imefunguka. Sijui kama ni njia ao ni wewe.

Benoît alishikwa na malaria, sasa ameanza kula. Katika homa alikuwa anaita jina lako kwa ile sauti yake, majirani wakauliza kama kuna mugeni.

Kama nilikosa, uniambie nimekosa. Ukinyamaza mimi nasikia mabaya zaidi.

Dada yako

*

Walikale, tarehe 24 Oktoba 2021

Dada Kaswera,

Nisamehe. Hatukuugua, Solange ni mzima, watoto ni wazima. Njia ilikuwa imefunguka. Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana, mpaka Solange akaniuliza kama nimeanza kuvuta tumbaku, kwa jinsi karatasi ilivyokuwa inaisha dukani.

Nitaandika moja kwa moja, bila kuzunguka.

Mwaka wa 1991 tulishuka Goma, Benoît na mimi, tukiwa na gitari moja. Unakumbuka ulitupikia viazi vya njia. Studio ilikuwa chumba cha juu, kuta zimebandikwa magunia. Patroni wa studio alimsikiliza Benoît beti moja, akainua mkono. "Wimbo ni mzuri sana. Sauti haiuziki. Watu watafikiri redio yao imeharibika." Kisha akaniangalia mimi niliyekuwa naitikia tu. "Wewe mdogo, imba."

Benoît alisema: "Imba, Archange, tusirudi mikono mitupu." Alisema hivyo, ni kweli. Nimejificha nyuma ya neno hilo miaka thelathini. Lakini alisema niimbe, hakusema nichukue. Akatoka nje akakaa kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkeno. Mimi niliimba. Patroni akauliza mtunzi aandikwe nani. Mlango ulikuwa wazi, Benoît alikuwa hatua kumi tu. Nikasema: andika Archange.

Miezi miwili baadaye kaseti ilitoka. Nikawa ninaitwa kwenye ndoa, Goma, Butembo, mpaka Beni. Wasichana walikuwa wanajua jina langu. Benoît alikuja kunitafuta, ameshika kaseti ya kuazima, akauliza: "Jina langu iko wapi?" Kulikuwa na watu, nilikuwa nimevaa koti jipya. Nilicheka. Nikamwambia: "Kaka, sauti yako ni ya kuitia ng'ombe."

Dada, nilimwambia hivyo. Yeye aliyeniita mimi.

Alinitazama tu, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali, halafu akapanda lori la Sake. Sasa najua alikuwa anajizuia kusema nini. Angesema neno moja tu ningeanguka chini mbele ya wale watu wote. Hakusema.

Siku ya maziko ya Papa waliniomba niimbe. Nilifungua mdomo nikamuona Benoît ameshika sepeto upande wa pili wa kaburi. Tangu siku ile sijaimba tena, hata kanisani. Nikaja huku ambako hakuna anayejua. Nilikuwa nafikiri nimekimbia aibu ya neno moja. Kumbe lilikuwa kubwa kuliko nilivyojua.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, ya Kétsia. Nimeandika yote, pamoja na jina langu. Lakini asiisome mpaka Benoît aione kwanza. Akisema ichomwe, ichome.

Archange

*

Masisi, tarehe 5 Desemba 2021

Archange, mutoto wa mama yangu,

Amani iwe kwako, na Solange, na huyu daktari wa ng'ombe zisizokuwepo. Huku Céline ameota jino. Goti ni lile lile.

Nilimupa Benoît karatasi yako siku ya Mungu, baada ya misa. Akavaa miwani yangu, sababu ile ya kwake ilivunjika. Alisoma polepole, kidole chini ya mustari. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akaniuliza: "Njo maana alinyamaza miezi yote ile?" Nikamuambia: miaka makumi tatu. Akakunja karatasi. "Kétsia aisome," alisema. "Lakini asiache kupiga ile ya Archange. Mutoto aliimba vizuri."

Alikuita mutoto. Na wewe uko na kipara, Samy aliniambia.

Basi Kétsia alisoma, siku ya posho, wiki mbili zilizopita. Sokoni hata wale wa pikipiki walizima mashini. Kisha akapiga nyimbo zote mbili, kwanza ya Goma, halafu ya ndoa. Mimi nilifikiri, sasa bishano limeisha, wote watalia, wataomba musamaha.

Weee! Constance alikuwa wa kwanza: "Nimesikia, nimesikitika, Mungu amubariki Papa Benoît. Lakini sauti yake bado siipendi, na musinilazimishe. Anitungie nyimbo za korali, sisi tutaimba." Umurerwa akapiga akamuambia Constance kwamba masikio yake yamejaa maziwa ya kuganda. Yule wa Sake alipiga pia. Akasema: "Nilimuita muzee mwizi, naomba samahani mbele ya wote. Kaseti yangu sitatupa. Niliolea nayo." Mwalimu yule wa vifo akasema ameanza kuzoea, ila si wakati wa kula.

Benoît alicheka. Archange, alicheka mupaka akakohoa, nikamuletea maji. "Unaona," aliniambia, "sasa wanachukia sauti yangu kwa haki."

Na wiki iliyofuata alienda mwenyewe kwenye radio, na gitari ya kuazima. Aliimba. Sauti imezeeka, kuna pahali inapotea kabisa, unasikia pumzi tu. Mimi siwezi kukuambia kama ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeketi sakafuni nyuma ya mulango wa radio, na nilikuwa Bihambwe, Mama anawasha moto, Papa anafunga duka, ninyi wawili muko wadogo. Nani atapima uzuri wa kitu kama hicho?

Hakusema uje. Lakini jana alitengeneza kitanda cha pili ndani ya chumba chake, na hapa hatungoji mugeni mwingine.

Kaswera

*

Walikale, tarehe 13 Februari 2022

Dada Kaswera mpendwa,

Nimefika nyumbani salama siku ya tano, nikiwa na matope mpaka kwenye kipara ulichokicheka. Fromaji zilifika nzima isipokuwa moja, ambayo Samy anasema ilianguka mtoni. Solange anasema anaomba mto ule upunguze njaa safari ijayo. Amefurahi, amekata fromaji amegawia majirani, na wawindaji wanaitazama wanasema ni sabuni.

Wiki tatu kwako zimenirudishia miaka. Harufu ya nyumba yako ni ya nyumba ya Mama, sijui unafanyaje.

Uliniuliza siku ya kuondoka tulisemezana nini siku ile Benoît na mimi tulipoenda Bihambwe kuangalia mabaki ya duka la Papa. Nilikuambia: hakuna kitu. Wakati ule sikuweza. Sasa ninaweza.

Tulitembea mpaka mbele ya shamba la mzee Déo, yule jirani wa Papa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Walikale. Nikaanza: "Kaka, siku ile ya Goma…" Akasema: "Tembea, mvua inakuja." Mvua ikaja kweli. Tukakimbia, wazee wawili, tukasimama chini ya paa la kanisa. Bati lilikuwa linapiga kelele, ilibidi aongee karibu na sikio langu.

Akaniambia: "Ile kaseti yako niliinunua."

Nikadhani ananicheka. Akasema aliinunua Sake wiki ile ile, alipokuwa anarudi na hasira yake. Na baadaye, katika miaka ya vita, wakati ambapo hakuna aliyejua kama niko mzima au nimekufa, alikuwa anakaa kwenye mlango wake kule Bihambwe anaipiga. Kila mara walipokimbia, aliacha jembe, aliacha vyungu, alibeba kaseti. Utepe ukikatika anauunganisha kwa rangi ya kucha ya mke wake. Mpaka siku moja ukakatika pabaya. "Nilikuwa nasema, akiimba hivi basi iko mahali fulani anapumua. Mimi niliita jina lako siku moja tu, Archange. Wewe uliniimbia miaka kumi na mbili."

Dada, nililia pale kanisani, nikashika ukuta. Alisubiri nimalize. Kisha akasema kwa ile sauti: "Na nitakuambia kitu, usimwambie Umurerwa. Ile yako njo nzuri. Nilipoutunga, njo hivyo nilikuwa nausikia kichwani."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia yangu ni sukari tupu, mtoto aliyepotea hawezi kurudi nyumbani kwa sauti ile, yake ndiyo wimbo. Akasema sijui muziki. Nikamwambia yeye ndiye hajui. Akasema: "Ulikuwa wapi wewe nilipoutunga? Ulikuwa unanyonya vidole!" Tulibishana, dada, kwa sauti kubwa, kwa mikono, mpaka mama mmoja aliyekuja kujikinga na mtungi wake wa maziwa akatuuliza kama tunagombania shamba.

Mvua ilikuwa imekwisha zamani. Hatukuwa tumeona.

Ninakukumbatia wewe, Myriam na Céline. Na yeye pia, mwambie bado sikubali.

Archange